Atoke Nani?

Furushi lilikuwa la leso mbili zilizofungwa pembe kwa pembe. Alilifungua mkekani mbele yangu, akatoa kimoja kimoja: sare za shule, vyeti vitatu vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya kitinda mimba, simu ya kubonyeza ambayo mumewe hakuijua, na noti ya shilingi 500 iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama njugu. Kwa miaka tisa ya ndoa furushi hilo lilikaa chini ya kitanda, na mara nne lilitoka naye usiku. Mara mbili alikwenda nalo kwa mamake huko Kwale, mara moja kwa dadake, na mara moja aliishia kwa jirani, watoto wakalazwa kwenye kochi, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mara zote nne alirudi. Shule ya watoto iko huku, na mahamri yake yana wateja huku, barazani pake, watu wanapotoka kuswali alfajiri.

Mara ya tano hakutoka. Aliyetoka ni mumewe, na aliyemtoa ni hakimu.

Sitamtaja mama huyu jina wala mtaa, ila ni hapa hapa Mombasa. Nilimwomba anisimulie safari yake hatua kwa hatua kwa sababu ya swali moja ambalo nimelisikia matangani, harusini na ndani ya matatu kila inapozungumzwa habari ya mke anayepigwa: mbona haondoki? Tunaliuliza kwa upole, hata kwa huruma, na hatujisikii tunasema nini. Tunasema nyumba ni ya mwanamume, na mke ni mgeni ambaye akizidiwa ana ruhusa ya kufungasha. Anayepiga analala kitandani kwake. Anayepigwa anatafuta pa kulala na watoto watatu saa saba usiku.

Sheria ya Kenya ililigeuza swali hilo mwaka 2015, Bunge lilipopitisha sheria ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Humo ndimo ilimo amri ya ulinzi, ambayo wengi wetu tumeizoea kwenye filamu za Marekani na hatujui kwamba iko katika korti ya mtaani kwetu. Hakimu akiridhika kwamba mtu anadhulumiwa nyumbani, anaweza kumwamuru anayedhulumu asimguse, asimtishe, asimfuate njiani, asimvizie kazini wala shuleni kwa watoto, asimpigie simu, asiharibu mali yake, na asimtume mtu mwingine amfanyie hayo. Na anaweza kumwamuru atoke katika nyumba wanamoishi, hata kama hati ya nyumba ina jina lake, hata kama kodi analipa yeye. Sentensi hiyo ya mwisho nimewasomea wanawake katika vikao vingi. Kila mara kuna anayeniomba niirudie.

Turudi kwa mwenye furushi. Kabla ya korti kulikuwa na kikao. Familia mbili zilikaa, kama zilivyokaa mara nne za mwanzo, na ami yake akasema yale aliyoyasema mara nne za mwanzo.

"Mwanangu, ndoa ni stara. Ukitoka, stara imevuka nje."

"Ami, stara ipi, na mtaa mzima unajua kunavyolia kwangu?"

Hakuna aliyemjibu. Mume aliombwa aseme "nimekosa," akasema, pakasomwa Fatiha na kahawa ikazunguka. Mimi sivibezi vikao vya wazee. Nimeviona vikiokoa nyumba ambazo ugomvi wake ulikuwa wa maneno, wa wivu, wa fedha. Lakini kikao kinachomsuluhisha mtu mwenye jino lililong'oka na aliyeling'oa, kisha kikawarudisha chumba kimoja usiku uleule, kimempa aliyepiga ruhusa ya kupiga tena, na mashahidi wa ruhusa hiyo ni ndugu wa pande zote mbili.

Kituo cha polisi nacho alikuwa amekifikia zamani, mwaka wa nne wa ndoa. Kaunta ilikuwa na kijana. Alimsikiliza huku akiandika mambo mengine, halafu akamwambia, "Mama, mnalala kitanda kimoja, hayo mtayamaliza wenyewe." Akarudi nyumbani bila nambari ya OB, daftari la matukio la polisi. Sheria ile inamtaka polisi anayepokea malalamiko ya namna hiyo amweleze mlalamishi msaada uliopo, matibabu na mahali pa hifadhi vikiwemo. Inampa mlalamishi pia haki ya kuandikisha maelezo yake kwa afisa wa jinsia yake akitaka. Yeye hakuelezwa lolote.

Mara hii hakwenda peke yake. Alifuatana na jirani yake, bibi wa makamo ambaye aliwahi kuwa mkunga, yule yule mwenye kochi. Kaunta ilikuwa na kijana mwingine, naye akaanza maneno yale yale ya kitanda. Bibi akaweka kiwiko juu ya kaunta. "Mwanangu," akamwambia, "andika kwanza. Ukishaandika utatushauri."

Kijana akaandika. Nambari ya OB ni mstari mmoja tu katika daftari kubwa, lakini ndiyo inayosema kwamba siku fulani, saa fulani, mtu huyu alikuja akasema neno hili. Kesho mtu akikana, daftari halikani. Baada ya hapo walielekezwa dawati la jinsia, kisha hospitali, ambako daktari alijaza fomu ya P3: jeraha liko wapi, lina umri gani, huenda limesababishwa na kitu gani. Fomu hiyo hutolewa bure, na mtu akitozwa fedha ili aipate ameonewa.

Hapa wanawake wengi huogopa kwa jambo ambalo silo. Hudhani kwamba ukienda kortini unakwenda kumfunga baba watoto wako, au unakwenda kuachika. Amri ya ulinzi si talaka. Unaweza kuiomba ukiwa bado mkewe na ukiendelea kuwa mkewe. Wala si hukumu ya jinai. Kesi ya shambulio inaweza kuendelea pembeni, au isiwepo kabisa, na amri ikatolewa vilevile. Kwa Waislamu wa pwani hii kuna jambo la kuongeza: Kadhi anashughulika na ndoa, talaka na mirathi, na mke akitaka khului au fasakhi, yaani kuachana kwa ombi lake, mlango wake ni huo, ila amri ya ulinzi hutolewa na mahakama ya hakimu. Milango hiyo miwili haigombani. Nimekutana na waliosubiri fasakhi miezi na miezi, wakilala na kitasa kimefungwa kwa kiti, kwa kudhani kuwa ni lazima waachwe kwanza ndipo walindwe.

Wala amri hii haiwalindi wake peke yao. Mume anayepigwa anaweza kuomba. Mchumba pia, na waliokuwa wameoana wakaachana, waliozaa pamoja bila ndoa, ndugu, na mzee anayedhulumiwa na wanawe. Dhuluma yenyewe sheria imeitaja kwa upana ambao wengi hawautarajii: mbali na kipigo, imo ya maneno, ya kingono hata ndani ya ndoa, ya kumnyima mtu fedha, ya kumvizia. Yamo mambo ya kwetu kabisa, kumrithi mjane kwa nguvu na wakwe kuingilia ndoa ya watu. Mbunge aliyetia neno "wakwe" ndani ya sheria alikuwa ameishi Kenya.

Kazi kubwa, aliniambia, ilikuwa hati ya kiapo. Alisaidiwa na dada mmoja msaidizi wa kisheria, kwenye benchi nje ya masijala. Kanuni za mwaka 2020 zimeweka fomu za kujaza, na wakili si lazima. Lakini fomu ina nafasi ndogo, na miaka tisa ni mingi. Alianza kusimulia tangu mahari. Yule dada akamgusa mkono.

"Dada, anza na usiku wa juzi. Mengine tutayafuata nyuma."

Wakaanza na usiku wa juzi: ilikuwa saa ngapi, alishika nini, alisema neno gani, mtoto yupi alikuwa macho. Halafu wakarudi nyuma, na hapo pakawa pagumu, kwa sababu yeye hakuhesabu kipigo kwa tarehe. Kuna kile cha usiku wa kuamkia Maulidi. Kuna cha siku umeme ulipopotea mtaa mzima. Kuna cha wiki aliyotoka hospitali na kitinda mimba mgongoni. Wakakaa na kalenda ya zamani ya msikitini, wakigeuza Maulidi kuwa tarehe, na kukatika kwa umeme kuwa mwezi na mwaka. Nilipomwuliza lililomuuma zaidi katika safari yote, hakutaja korti. Alitaja benchi ile. "Niliona yamejipanga," alisema. "Nilikuwa nayajua moja moja. Sijawahi kuyaona yamejipanga."

Kiapo kilibeba vitu vingine: nambari ya OB, nakala ya P3, picha mbili za shingo alizopigwa na dadake, na ujumbe wa simu wa maneno manne ambayo sitayaandika. Msomaji anayeyapitia haya na afahamu kwamba hakimu hatafuti ushahidi usio na shaka, kama katika kesi ya jinai. Anapima lipi lina uzito zaidi la kuaminika. Ujumbe mmoja uliohifadhiwa, jirani mmoja aliye tayari kusema alichosikia, vinaweza kuuinamisha mzani. Usifute ujumbe kwa hasira. Mtumie dadako, uufute kwako kama simu yako inapekuliwa.

Aliomba kwa dharura, na hakimu akamsikiliza siku hiyo hiyo bila mume kuwepo. Sheria inaruhusu: hatari ikiwa karibu, mahakama hutoa amri ya muda kwanza, kisha huweka siku ya kuwasikiliza wote wawili. Wako wanaoona huko ni kumhukumu mtu mgongoni. Nimelifikiria sana pingamizi hilo, maana haki ya kusikilizwa ni kitu kikubwa na sitaki iguswe hovyo. Lakini amri ya muda haimfungi mtu, haimnyang'anyi nyumba milele, haiandiki kwamba ana hatia. Inamtaka akae mbali mpaka siku yake ya kusema, na siku hiyo ipo. Kumwita kwanza, akalale naye chumba kimoja na karatasi ya kuitwa kortini mkononi, ni kumweka mlalamishi mahali pa hatari kuliko alipokuwa kabla ya kulalamika.

Maana saa ya hatari kubwa ni hiyo. Wanaohudumia waathiriwa wanalijua: mtu aliyezoea kutawala nyumba kwa ngumi huzidi anapoona utawala unamponyoka. Katika nchi hii tumelishuhudia. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Trans Nzoia, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki tarehe 5 katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Ripoti za utawala wa eneo hilo zilisema walikuwa wakizozania ardhi ilipojengwa nyumba. Babake aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtu huyo alikuwa akimvizia na kumtisha binti yake, na kwamba familia ilikuwa imewaarifu polisi. Nilisoma habari ile mara kadhaa, na kila mara nilisimama kwenye ardhi na nyumba. Alikuwa na mahali pake mwenyewe, na ugomvi ulihusu mahali hapo hapo: nani akae, nani atoke.

Miaka mitatu kabla yake tulimzika mkimbiaji Agnes Tirop, aliyeuawa Iten Oktoba 2021. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanaodhulumiwa. Januari 2024 maelfu waliandamana katika miji ya Kenya kulia dhidi ya mauaji ya wanawake. Na nyuma ya majina yanayofika magazetini kuna mengine yasiyofika: utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika umri wa miaka 15. Katika kila wanawake watatu wanaonunua mahamri barazani pale, mmoja.

Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, na mwenye furushi alilijua hilo kuliko mimi. Amri ilipotiwa muhuri, kitu cha kwanza alichokataa ni kuipeleka mwenyewe. Wapo wanaokabidhiwa hati na kuambiwa kampe mumeo, na hilo lisifanyike kabisa. Hati ya korti ina watu wa kuifikisha, na panapo hatari polisi hufuatana nao. Alitoa nakala sita. Moja ilikwenda kituo cha polisi, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mzee wa mtaa, moja kwa mwajiri wa mumewe (hili alilijadili sana na yule dada wa benchi kabla ya kuamua, kwa kuwa akifutwa kazi watoto watakula nini), moja kwa bibi mkunga. Ya sita ameitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya debe la unga, na picha yake iko kwenye ile simu ya kubonyeza. Akimwona mlangoni, hana haja ya kueleza miaka tisa upya kwa kijana wa kaunta. Anataja nambari ya kesi. Kuvunja amri ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi 12, au faini ya hadi shilingi 100,000, au vyote viwili.

Mume aliletwa kuchukua nguo. Walikuja naye maafisa wawili, mwanamume na mwanamke. Alipomaliza nguo akashika televisheni.

"Bwana, leo ni nguo tu," yule afande wa kike akamwambia. "Televisheni utaisema mbele ya hakimu."

Sikuwepo, lakini bibi mkunga alikuwepo barazani, na hilo ndilo alilonisimulia kwanza nilipomtembelea, kabla hata sijaketi.

Nimeona mengi yakienda vibaya kuliko hivi. Nimeona faili likipotea, amri ikikaa wiki mbili bila kumfikia mlalamikiwa, mke akiondoa ombi lake kwa sababu mama mkwe alikuja akapiga magoti. Makao ya hifadhi ni machache mno, na mengi yanaendeshwa na mashirika kwa fedha za wafadhili, siyo na serikali. Mahakama ya kwanza maalumu ya dhuluma za kijinsia ilifunguliwa Shanzu, hapa hapa pwani, na Jaji Mkuu Martha Koome mwezi Machi 2022. Ilikuwa habari njema, na njia ya kufika kortini ikabaki ni ile ile, ya nauli, ya mtoto mgongoni, ya kaunta. Anayetaka kuanza bila kutoka nyumbani anaweza kupiga 1195, simu ya bure inayopokelewa saa 24. FIDA-Kenya, mawakili wanawake ambao wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1985, husaidia wasio na uwezo wa kulipa. Na jirani anayesikia naye asijisingizie kwamba hayamhusu. Sheria inamruhusu mtu yeyote mwenye sababu ya haki kuripoti dhuluma anayoishuku, na inamlinda akifanya hivyo kwa nia njema.

Wasomaji wetu wa Tanzania huniandikia kuuliza kama wanayo amri kama hii. Uganda inayo, tangu sheria yake ya 2010. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitamka mapema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mwenzi asimsumbue mwenzake katika mashauri ya ndoa. Lakini sheria mahususi ya dhuluma za nyumbani, yenye amri anayoweza kuiomba mtu asiyetaka kuachika wala hajafungua shauri la ndoa, wanaharakati wa huko wameidai kwa miaka mingi. Waendelee kuidai.

Nilipomaliza kuandika katika daftari langu, mwenye furushi alikuwa ameshaanza kurudisha vitu ndani: vyeti, kadi, sare. Nilimwuliza mbona analifunga tena, na mumewe hayupo.

"Kesi ni Jumanne," akasema. "Tunasikilizwa sote wawili."

Akaibana noti ya 500 katikati ya vyeti, akafunga leso pembe kwa pembe, kisha akasimama juu ya kiti na kuliweka furushi juu ya kabati, mbali na kitanda. Halafu akaniomba radhi. Unga wa kesho ulikuwa haujakandwa, na watu wanatoka msikitini mapema siku hizi.